Jioni Jina la Mama Liliposomwa Redioni

Tulipogawana vitu vya Baba, wageni wa matanga walipokwisha kuondoka, ndugu yangu alichukua saa, shangazi akachukua blanketi nzito, mimi nikaomba kopo la misumari. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nilitandaza gazeti uani nikamwaga yote: misumari, skrubu, nati, funguo zisizo na makufuli. Chini kabisa nikakipata nilichokuwa nakitafuta. Ni kitufe cheusi cha kuzungusha sauti, kilichokuwa kwenye redio ya pikapu yetu ya zamani, na ukingoni kina nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

Nilikipeleka puani kabla ya kukiangalia vizuri. Wenzangu wa rika langu waliokua na gari la kazi nyumbani wataijua harufu hiyo: vumbi lililopashwa moto na nyaya, na plastiki ya dashibodi iliyoshinda juani. Kwetu ilichanganyika na harufu ya mkate, kwa sababu Baba alikuwa akisambaza mikate. Alipakia mjini Kisumu asubuhi, akapitia Kisian, akashika njia ya Kombewa akiachia maduka kreti moja moja, na jioni alirudi na kreti tupu zikigongana nyuma. Kitufe chenyewe hakikuwa na harufu yoyote, ila ya kutu. Lakini pua ilikuwa imekwisha kukumbuka.

Baba alikuwa na utaratibu wake na ile redio. Stesheni ilichaguliwa gari likiwa limesimama, breki ya mkono ikiwa juu. Gari likishaondoka, yeye hakuigusa tena. Kazi hiyo ilikuwa ya aliyekaa kiti cha pembeni, na kwa kawaida aliyekaa hapo alikuwa Mama, ambaye alikuwa na kibanda cha nguo sokoni Kombewa. Mama ndiye aliyetia zile nukta mbili, moja kwenye kitufe na nyingine kwenye bati la redio. Zikikutana, huo ndio mwisho wa kuongeza sauti. Mahali pa nukta hapakuchaguliwa ovyo. Baba aliwasha indiketa, akamwambia Mama aongeze sauti polepole, na pale mlio wa indiketa ulipoanza kupotea akasema, "Rudisha kidogo. Hapo. Weka alama." Kwa hesabu yake, dereva asiyeisikia indiketa yake mwenyewe hataisikia honi ya mwenzake. Baadaye maishani nilinunua vitabu vingi vya udereva kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba, nikavisoma peke yangu ukurasa hadi ukurasa, na sikupata kipimo kilicho rahisi kuliko hicho.

Palikuwa pia na mahali pa kuzima kabisa. Pale reli inapokatiza barabara, Baba alisema "Zima," akateremsha kioo, akatoa kichwa nje kidogo, akasikiliza. Na palikuwa na saa ya kuzima. Kila jioni redio ya Dholuo, lugha yetu, ilipoanza kupiga ule muziki wa polepole unaotangulia matangazo ya vifo, Baba alisema tena "Zima," hata kama tulikuwa kwenye barabara iliyonyooka isiyo na gari wala ng'ombe. Kwa kawaida tulikuwa karibu kufika Kisian. Hiyo ya reli niliielewa. Hii ya pili sikuielewa, na hakuna aliyenieleza.

Nilikuwa na umri wa kuanza kupoteza meno ya mbele, tena ilikuwa likizo, Mama alipolazwa hospitali ya Kombewa. Alikuwa mjamzito, miguu yake ilikuwa imevimba, na daktari alisema alale huko huko mpaka ajifungue. Mimi niliambiwa tu kwamba Mama analala hospitali. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukaa nami mchana, Baba alinipandisha kiti cha Mama na kunikabidhi redio.

"Wewe sasa ndiye Mama Redio," alisema. "Kazi yako ni nini?"

"Nisipite nukta."

"Na nikisema zima?"

"Nazima."

"Siyo unauliza kwanza kwa nini."

"Nazima tu."

Kila jioni, tulipokuwa tukirudi, alisimamisha gari nje ya geti la hospitali, akaniacha na mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi hapo, akaingia ndani na mkate mmoja. Watoto hawakuruhusiwa wodini. Alikaa, akatoka bila mkate, na nilipomuuliza Mama anasemaje, alijibu maneno yale yale: "Anakusalimia." Jibu la namna moja kila siku ni jibu linalomfanya mtoto aanze kufikiri.

Na mimi nilikuwa na mambo mengi ya kufikiria, kwa sababu ya kitu nilichokiona Nyalenda, mtaa wa Kisumu tulikokuwa tukiishi. Jirani yetu Mama Pamela alikuwa na redio ya betri aliyoiweka dirishani kila jioni ili wapangaji wote wa ploti wasikie matangazo. Siku moja wanawake walikuwa uani wakichambua omena, dagaa wa ziwani. Mmoja wao, mpangaji wa chumba cha mwisho, alikuwa akicheka huku akimwiga konda fulani. Redio ikasoma jina. Sinia lake likaanguka, omena zikatapakaa mchangani, naye akapiga unyende uliowatoa watu hadi ploti ya tatu. Kaka yake alikuwa amefariki.

Niliyatazama mambo hayo mawili jinsi yalivyofuatana. Kabla ya redio kusema, mwanamke yule alikuwa na kaka na alikuwa akicheka. Redio ilipomaliza kusema, hakuwa na kaka. Sikuona kitu kingine chochote katikati. Nikahitimisha kwamba mtu hufa jina lake linaposomwa na watu wake wakalisikia, na kwamba likisomwa wakati watu wake hawasikii, jambo hilo halijakamilika.

Mkiliweka hilo pamoja na agizo la Baba la kila jioni, mtaona nilifika wapi. Baba alikuwa akijua kwamba jina la Mama liko kwenye foleni. Alikuwa akiizima redio ili lisitufikie. Mama alikuwa hai kwa sababu sisi wawili hatukuwa tumesikia, na sasa mkono wa kuzima ulikuwa wangu.

Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa uangalifu kama ule. Tukitoka Kombewa niliweka vidole juu ya kitufe na sikuvitoa. Muziki ulipogusa noti ya kwanza nilizima kabla Baba hajafungua mdomo. Alinitazama kwa pembeni akasema, "Umeiva kabisa, Mama Redio," na mimi sikucheka, kwa sababu hayo hayakuwa mambo ya kuchekea.

Jumapili ndizo zilizokuwa na hatari, kwa kuwa hatukuwa garini. Redio ya Mama Pamela ilikuwa dirishani na sikuwa na mamlaka juu yake. Kwa hiyo ulipoanza ule muziki, nilisimama katikati ya uwanja nikaimba wimbo wa kanisani kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

"Akinyi! Ai, wewe! Nyamaza tusikie!"

Nilipandisha ubeti wa pili.

"Baba Akinyi, toka uone mtoto wako! Huyu akikua ataongoza kwaya ya matanga, na atawafukuza waombolezaji wote."

Baba alitoka, akanishika bega, akaniingiza ndani. Lakini baadaye nilimwona amerudi mlangoni kwa Mama Pamela akimuuliza kwa sauti ya chini, "Leo wamesoma nani?" Mama Pamela alitaja majina mawili ya watu wa mbali, kisha akamcheka. "Dereva mzima, redio iko ndani ya gari, halafu unakuja kuniuliza mimi. Ama inakuuma?"

"Inaniuma nikiwa barabarani," Baba alisema.

Nilisikia maneno hayo nikiwa nyuma ya pazia, nikayachukua kama ushahidi. Alikuwa akiuliza kila siku kama zamu ya Mama imefika.

Jioni ninayotaka kuisimulia tulichelewa kidogo Kombewa. Baba alikaa wodini muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka hakusema "Anakusalimia." Tulienda, redio ikipiga muziki wa kawaida, ziwa likionekana na kupotea upande wa kulia, kreti zikigongana nyuma. Tulipokaribia Kisian niliviweka vidole mahali pake. Ndipo Baba alipowasha indiketa, akatoka barabarani, akasimama kwenye uwanja mtupu ambako malori ya mchanga yalikuwa yakipumzikia. Akavuta breki ya mkono. Akazima injini, akaacha redio.

"Baba, kwa nini tumesimama?"

"Leo nataka kusikia."

"Kusikia nini?"

"Matangazo. Usizime."

Muziki ule ukaanza. Nilishika kitufe nikazungusha kuzima, na yeye akaurudisha mkono wangu, si kwa hasira, akafungua tena, akaongeza sauti mpaka nukta zikapishana. Hilo la nukta ndilo lililonimaliza. Nilijua kwamba amechoka kumzuia Mama na sasa anamwacha aende. Nilikishika kitufe kwa mikono miwili nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kikatoka. Niliangukia mgongo wa kiti nikiwa nacho kiganjani, na pale kilipokuwa pakabaki kipini chembamba cha chuma, na redio ikaendelea kusema kana kwamba sikufanya lolote.

Msomaji alisoma tangazo la mtu wa Nyakach. Akasoma la mama mmoja wa Asembo. Baba alikuwa ameinama mbele, mikono yote miwili magotini. Kisha likasomwa la Mzee Okelo, mzee sana wa upande wa nyanya yangu, na kama ilivyo desturi ya matangazo yetu, msomaji akaanza kuwataja jamaa zake mmoja mmoja: watoto, wajukuu, waliooa, walioolewa. Alikuwa mjomba wa Joram Ouma, dereva, wa Kisumu. Huyo ni Baba. Na papo hapo, kwa sauti ile ile isiyo na haraka: mume wa Rosalia Awuor, nyar Sakwa.

Rosalia Awuor, binti wa Sakwa. Hakuna Mama mwingine wa jina hilo.

Mlio ulionitoka sikuujua kuwa ni wangu. Baba aliruka, akanikamata mkono akaanza kuvikagua vidole kimoja kimoja, akidhani kile chuma kimenikata.

"Wapi? Umeumia wapi?"

"Umemwacha asomwe!"

"Nani?"

"Mama! Umemwacha Mama asomwe! Wamemsoma na sisi tumesikia!"

Aliacha kuvikagua vidole. Alinyoosha mkono, akakibana kile kipini kwa kidole gumba na cha shahada, akakizungusha, na redio ikazima. Ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia injini ikitoa milio midogo ya kupoa. Alinitazama. Nadhani alikuwa akirudi nyuma, jioni baada ya jioni, mpaka kwenye wimbo wa Jumapili.

"Akinyi. Aliyekufa ni nani?"

"Mama."

"Hapana. Aliyekufa ni Mzee Okelo. Alikuwa mzee kuliko kila mtu unayemjua, na alikufa usingizini. Wanapomtangaza mtu wanataja na watu wake aliowaacha. Wametaja jina langu pia, umesikia?"

Nilikubali kwa kichwa.

"Mimi nimekufa?"

Nilimwangalia. Alikuwa na unga wa mkate kwenye nyusi.

"Hapana."

"Basi. Mimi niko hai, na Mama yuko hai. Wanasoma na walio hai. Kwa kweli walio hai ndio wengi zaidi kwenye kila tangazo."

"Sasa kwa nini kila siku unasema nizime?"

Hapo ndipo aliponieleza, polepole, kama mtu anayeeleza jambo la gari. Alikuwa na rafiki, dereva wa lori la mchanga. Rafiki huyo alikuwa akiendesha huku akisikiliza matangazo, na kwenye kona akasikia jina la mama yake mzazi. Hakujua mikono yake ilifanya nini. Aliamka akiwa mtaroni, mguu umebanwa chini ya usukani, na mpaka leo anatembelea gongo. "Mimi nikisikia jina la mtu wangu nikiwa naendesha, mikono yangu itafanya nini? Sijui. Ndiyo maana sijaribu. Nafika nyumbani, nauliza. Leo nilijua watasoma la Mzee Okelo, nataka kujua siku ya mazishi, kwa hiyo nimesimama. Kusikiliza si vibaya. Vibaya ni kusikiliza ukiwa umeshika usukani."

"Na mbona leo hukusema Mama ananisalimia?"

Alijipangusa uso. "Kwa sababu leo alilia. Anataka kurudi nyumbani na daktari amekataa. Hiyo tu."

Maelezo yale yalikuwa kamili. Hata leo sipati pengo ndani yake. Lakini sikukiachia kile kitufe, na Baba aliona kwamba nimeelewa ila sijaamini. Alitazama barabara ya kwenda mjini, kisha akatazama tulikotoka.

"Haya," alisema. "Funga mlango wako vizuri."

Akageuza gari.

Tulirudi Kombewa bila redio. Nilikuwa nimekishika kile kitufe mpaka kikaloa jasho. Getini, mlinzi alikuwa amekwisha kufunga mnyororo.

"Mzee, saa za kuona wagonjwa zimeisha. Si umetoka hapa sasa hivi?"

"Bwana, mimi siingii. Ni huyu."

"Watoto ndio hawaingii kabisa."

"Haingii. Anataka kuona dirisha."

"Dirisha?"

"Dirisha la wodi. Aangalie, tuondoke. Amesikia jina la mama yake kwenye matangazo ya vifo."

Mlinzi alinitazama, akamtazama Baba, akashusha sauti. "Na yuko?"

"Yuko. Ndio nataka aone."

Mlinzi alifungua mnyororo, akatangulia yeye mwenyewe kuzunguka jengo, akigonga vioo kwa ukucha na kuita, "Nyar Sakwa! Yuko wapi Nyar Sakwa? Una mgeni!" Dirisha la tatu likafunguka. Kulikuwa na wavu wa mbu, na nyuma ya wavu alikuwa Mama, amevaa gauni la hospitali, nywele zimesimama, tumbo limemtangulia.

"Kuna nini? Baba Akinyi, kuna nini?"

Baba alimweleza kwa maneno machache. Nilikuwa nikimtazama Mama usoni kuona kama anajua kitu ambacho sisi hatukijui. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na nikadhani analia tena, kumbe anacheka, mpaka akalishika tumbo kwa chini.

"Nimesomwa redioni? Mimi? Na hakuna aliyeniambia nichane nywele?" Aliweka kiganja juu ya wavu. "Walilisoma vizuri, au waliliharibu?"

"Vizuri," nilisema. Niliweka kiganja changu upande wa pili. Wavu ulikuwa na vumbi, na nyuma ya vumbi mkono ulikuwa wa moto.

Kitu kilichofunguka kifuani mwangu wakati huo sijapata kukitajia jina, ingawa nimelitafuta. Najua tu kwamba nililala usingizi kabla hatujafika Kisian, na kwamba Baba alinibeba kuniingiza nyumbani. Mdogo wangu alizaliwa likizo ilipokuwa inaisha. Kitufe hakikukaa tena sawasawa. Kilirudishwa na gundi, kikatoka, kikafungwa na uzi, kikatoka, mpaka Baba akaamua kukiweka kwenye kopo la misumari na kutumia kile kipini. Pikapu iliuzwa kama chuma chakavu, na redio ikaenda nayo.

Mwaka huu Baba alipofariki, usingizini, akiwa naye ni mzee sana, tuliandika tangazo lake mezani kwa Mama. Mama ndiye aliyetamka majina na mimi nikaandika. Jioni lilipokuwa lisomwe, mimi na yeye tulikuwa njiani tukitoka kijijini kwetu Seme, upande wa Kombewa, kwenda Kisumu, mimi nikiendesha, yeye kiti cha pembeni. Sikuwa nimepanga, lakini tulipokaribia Kisian niliwasha indiketa nikatoka barabarani. Malori ya mchanga hayapo tena pale, kuna kituo cha petroli. Nilivuta breki ya mkono, nikazima injini, nikaacha redio. Mama alinyoosha kidole kwenye kioo cha redio, kwa kuwa redio za sasa hazina cha kuzungusha, akaongeza sauti.

Lilisomwa jina la Baba. Mikono yangu ilikuwa magotini, na ilitetemeka, na haikumdhuru mtu yeyote. Kisha wakaanza kutajwa watu wake. Ameacha mke, Rosalia Awuor, nyar Sakwa. Ameacha binti, Akinyi. Ndugu yangu, wakwe, wajukuu, watoto wa ndugu zake, orodha ndefu ya watu walio hai, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti isiyo na haraka.

Mama alipangusa macho kwa ncha ya leso. "Wamelisoma vizuri," alisema.

Akapunguza sauti, akanitazama kuona kama imetosha. Niliwasha gari, nikawasha indiketa, nikaisikia, nikaingia barabarani.